Mtihani wa GRE baada ya miaka kazini: mwongozo kwa waliopo Mbeya, Iringa na Njombe

Kabla ya kununua kitabu au kumlipa mtu akufundishe, fungua ukurasa wa udahili wa kozi unayoitaka na uusome mpaka mwisho. GRE ni mtihani wa Kiingereza, hesabu na insha unaotumika kwenye udahili wa masomo ya juu baada ya shahada ya kwanza. Vyuo vingi vya Marekani vimeacha kuudai, vingine vimeufanya wa hiari, na hata ndani ya chuo kimoja idara ya uchumi inaweza kuudai huku idara ya elimu ikiwa haina habari nao. Uzamili wa hapa nchini kwa kawaida huangalia GPA na matokeo ya shahada ya kwanza. Kozi za biashara mara nyingi hukubali GMAT (mtihani wa udahili wa kozi hizo) au GRE, na kwa anayeanza upya na ambaye hajaamua kama atasoma biashara au kitu kingine, GRE hufungua milango mingi zaidi.

Penye neno "hiari" ndipo wengi hukwama. Ushauri wetu: kama ulimaliza chuo miaka 7 au 10 iliyopita na GPA yako ni ya wastani, fanya mtihani. Alama nzuri ya mwaka huu ni ushahidi kwamba kichwa bado kinafanya kazi, na hakuna karatasi nyingine kwenye faili lako itakayosema hivyo. Kama GPA ilikuwa ya juu na muda ni mdogo, tumia miezi hiyo kuandika barua ya maombi vizuri na kuwatafuta wahadhiri watakaokuandikia barua za utambulisho. Baada ya miaka mingi baadhi yao wamestaafu, wengine wamekusahau, na kuwapata huchukua muda.

Unachokwenda kukutana nacho

Tangu Septemba 2023 GRE imefupishwa. Sasa ni saa 1 na dakika 58, bila mapumziko rasmi. Kitabu cha zamani ulichoazimwa, kinachosema mtihani ni karibu saa 4 na insha 2, bado kinafaa kwa maswali ya mazoezi, ila mpangilio wake wa muda usiufuate.

Unaanza na insha 1 ya dakika 30. Kisha kuna sehemu 2 za Kiingereza: ya kwanza maswali 12 kwa dakika 18, ya pili maswali 15 kwa dakika 23. Hesabu nazo ni sehemu 2: maswali 12 kwa dakika 21, halafu maswali 15 kwa dakika 26. Gawanya mwenyewe uone: hesabu ni kama dakika 1 na sekunde 45 kwa swali, Kiingereza ni dakika 1 na nusu. Hesabu na Kiingereza kila kimoja hupewa alama kati ya 130 na 170, insha kati ya 0 na 6.

Ukifanya vizuri sehemu ya kwanza ya hesabu, ya pili inakuwa ngumu zaidi, na huko ndiko alama za juu zinakopatikana. Ukiivuruga ya kwanza, unapewa ya pili iliyo rahisi na dari la alama linashuka. Kwa hiyo sehemu ya kwanza si ya kujipashia moto. Pia hakuna kukatwa alama kwa jibu baya, kwa hiyo usiache swali hata moja tupu. Ndani ya sehemu unaweza kuweka alama kwenye swali, ukaliruka, ukalirudia baadaye.

Kalenda inayofaa huku kwetu

Maombi mengi ya Marekani hufungwa kati ya Desemba na Januari kwa masomo yanayoanza Agosti. Mtihani unaruhusiwa kurudiwa baada ya siku 21, usizidi mara 5 ndani ya miezi 12. Ukihesabu kurudi nyuma, tarehe nzuri ya kwanza ni mapema Septemba, ya akiba ni Oktoba, na kuanza kusoma ni katikati ya Mei.

Ratiba hiyo inaendana na Nyanda za Juu Kusini. Juni mpaka Oktoba ni kiangazi, na mvua inayopiga bati haitakuharibia mtihani kama utaufanyia nyumbani (tutalirudia hili). Walimu wana likizo ya Juni. Anayengoja Novemba anakutana na mvua za kwanza, msimu wa kupanda na mitihani ya kidato cha nne kwa mpigo. Tatizo la Juni na Julai ni baridi: Mbeya, Makambako na Mafinga saa 11 alfajiri vidole havikunjiki. Kama wewe si mtu wa alfajiri, usijilazimishe kwa sababu tu mtu mtandaoni amesema asubuhi ndiyo bora. Saa 1 ya jioni ukiwa umeshakula inatosha, mradi iwe ile ile kila siku.

Kwa mtu mwenye kazi na familia tunapendekeza wiki 16, saa 9 kwa wiki: saa 1 siku 5 za kazi, na saa 4 Jumamosi. Jumapili pumzika. Nyumba ikiwa na kelele, maktaba za mikoa pale Mbeya na Iringa zinafaa kwa zile saa 4 za Jumamosi.

Karatasi na malipo, yafanye wiki ya kwanza

Pasipoti ndiyo kitambulisho salama zaidi, kwa sababu ina jina, picha na saini pamoja. Ada yake Uhamiaji ni shilingi 150,000. Majina utakayojaza kwenye akaunti ya ETS, wenye mtihani, lazima yawe kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Hapa ndipo watu wa umri wetu huumia: cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, NIDA ina matatu, pasipoti imegeuza jina la ukoo. Pasipoti ndiyo ifuatwe kwenye usajili wa mtihani. Tofauti kati yake na vyeti imalize kwa mwanasheria kabla chuo hakijakuuliza.

Ada ya mtihani kwa nchi nyingi imekuwa dola 220. Inalipwa kwa kadi ya Visa au Mastercard, na kadi nyingi za benki zetu huja zikiwa zimefungwa kwa manunuzi ya mtandaoni. Nenda tawini, waombe waifungue, na uweke salio la ziada kidogo kwa ajili ya makato na tofauti ya bei ya dola. Kadi ikikataliwa mara mbili, usiendelee kubonyeza. Piga simu benki kwanza.

Ukishachagua tarehe, kuibadilisha kunaruhusiwa mpaka siku 4 kabla ya mtihani, kwa ada. Chini ya hapo pesa imekwenda.

Na saa zenyewe: akaunti inaonyesha muda kwa mtindo wa kizungu. 14:00 ni saa 8 mchana, 7:00 PM ni saa 1 usiku, na 2:00 AM ni saa 8 usiku wa manane. Mtihani wa nyumbani hupangwa muda wowote, mchana na usiku, kwa hiyo kosa la AM na PM ni rahisi kufanya. Hakikisha akaunti imewekwa saa za Afrika Mashariki, kisha andika muda huo kwa Kiswahili ukutani.

Wiki ya 1: jipime bila kusoma chochote

ETS wanatoa mitihani 2 kamili ya majaribio bure, inaitwa POWERPREP. Fanya wa kwanza sasa hivi, kwa muda kamili, hata kama umesahau kila kitu. Wa pili uache mpaka wiki ya 15, usiuguse. Wengi huogopa alama mbaya ya mwanzo, wakaahirisha kujipima mpaka "watakapokuwa tayari", na matokeo yake wanasoma miezi miwili mambo waliyokuwa wanayajua.

Baada ya jaribio fungua daftari la makosa. Hili ndilo chombo kikuu cha mwongozo huu wote; vitabu vinaweza kubadilika, hili libaki. Piga mistari upate safu 4: swali (liandike lote), jibu ulilotoa na njia uliyopita, aina ya kosa, na tarehe za kulirudia. Aina za kosa ziwe 4 tu:

A – kanuni sikuijua
B – kanuni niliijua, nikakosea kukokotoa
C – nilisoma swali vibaya
D – muda uliisha

Kila swali ulilokosa lirudie baada ya siku 3, kisha siku 10, kisha siku 21, bila kuangalia jibu. Ukilipata mara zote 3, lifute kwa mstari. Kwa mtu aliyekaa mbali na darasa, B na C huwa nyingi kuliko alivyotarajia, na hilo linabadilisha namna ya kusoma: kusoma sura nyingine ya kitabu hakutibu B. B hutibiwa na mkono.

Wiki ya 2 mpaka 7: hesabu

Habari njema kwa aliyesoma hapa nchini: sehemu kubwa ya hesabu za GRE umeshaifundishwa kwenye Hisabati ya kawaida ya kidato cha kwanza mpaka cha nne. Nunua au azima vitabu hivyo. Vinapatikana popote na vina mazoezi mengi. Lakini usivisome vyote.

Soma: namba na tabia zake, sehemu, desimali, asilimia, uwiano, vipeo na vipeuo, aljebra, milinganyo ya kipeo cha pili, ukosefu wa usawa (inequalities), kanuni ya Pythagoras, pembetatu zinazofanana, duara, eneo na ujazo, mstari kwenye grafu, seti, takwimu, uwezekano.

Ruka bila huruma: logarithimu, trigonometria, vekta, metriksi, dunia kama tufe, mageuzo ya maumbo, hesabu za mizania. Hazimo. Kalkulasi ya kidato cha sita nayo haimo.

Kisha ongeza machache ambayo kidato cha nne hakikukupa: kupanga na kuchagua (njia ngapi za kuchagua watu 3 kati ya 8, jibu ni 56), mchepuko sanifu (standard deviation), robo za data (quartiles), na mgawanyo wa kawaida wenye umbo la kengele, ambapo karibu asilimia 68 ya data iko ndani ya mchepuko 1 kutoka kwenye wastani. ETS wana kitabu chao cha marudio ya hesabu cha bure, hizo zimo.

Wiki ya 2 na ya 3 usitoke kwenye namba. Kikokotoo kipo kwenye skrini, ila kinakula sekunde. Kariri vipeo vya pili mpaka 20, vya tatu mpaka 5, na sehemu zinazojirudia kwa asilimia: 1/8 ni 12.5, 1/6 ni kama 16.7, 3/8 ni 37.5. Zile KDS na KKS za shule ya msingi zinarudi hapa, pamoja na namba tasa na baki la kugawanya. Kila siku anza na dakika 10 za kukokotoa kwa kalamu, bila simu.

Asilimia ndipo mitego ilipo. Gunia la viazi Uyole ni shilingi 50,000, bei ikashuka asilimia 20, kisha ikapanda asilimia 20. Haikurudi ilipokuwa: 50,000 mara 0.8 ni 40,000, na 40,000 mara 1.2 ni 48,000. Jizoeze kuzidisha kwa 0.8 na 1.2 moja kwa moja badala ya kutafuta asilimia, kutoa, kisha kujumlisha. Hatua tatu zinakuwa moja, na makosa ya aina B yanapungua.

Kuna aina ya swali ambayo shule zetu hazikutufundisha: unapewa kiasi A na kiasi B, unaulizwa kipi kikubwa, viko sawa, au haiwezekani kujua. Mtu wa Hisabati ya NECTA hukimbilia kukokotoa mpaka mwisho. Usifanye hivyo; jaribu namba. Tuseme A ni x kwa kipeo cha pili na B ni x. Weka 2: A ni kubwa. Weka 1/2: B ni kubwa. Majibu yamepingana, kwa hiyo haiwezekani kujua, umemaliza kwa sekunde 20. Namba za kujaribu kila mara ni tano: 2, 1, 0, nusu, na namba hasi. Anayejaribu namba chanya nzima peke yake ndiye hukosa.

Michoro ya jometri nayo isikudanganye: haikuchorwa kwa vipimo kamili. Pembe inayoonekana ya mraba si ya mraba mpaka swali liseme. Grafu za data na zile zenye mhimili wa x na y, hizo ziko kwa vipimo.

Kiingereza, kuanzia wiki ya 2 na kuendelea

Tunaongea Kiswahili kutwa, na Kiingereza cha ofisini ni cha barua na ripoti zile zile. Kinachopotea kwa miaka ni uwezo wa kushika aya ngumu ya maneno 150 kwa kuisoma mara moja. Karibu nusu ya maswali ni ya ufahamu, kwa hiyo orodha ya maneno peke yake haitakuokoa.

Soma makala 1 ndefu ya Kiingereza kila siku, ya fani usiyoijua: kama wewe ni mhandisi, soma historia ya sanaa, kama ni mwalimu wa lugha, soma baiolojia ya seli. Kila aya ikiisha, sema kwa Kiswahili, kwa sentensi 1, mwandishi amefanya nini pale: ametoa hoja, amepinga, ameleta mfano, au amejikosoa. Kusema kwa Kiswahili kunakuonyesha kama umeelewa au umepitisha macho.

Maneno mapya 10 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa wiki 12, yanafika 720. Yanatosha. Yaandike kwenye vikaratasi, upande mmoja neno, upande wa pili sentensi kamili uliyoikuta likitumika. Daladala kutoka Uyole hadi Mwanjelwa inatosha kurudia 20.

Maswali ya kujaza nafasi yana nafasi 1 mpaka 3, na hakuna alama ya nusu: ukipata 2 kati ya 3, umekosa. Kabla ya kuangalia majibu, funika kwa mkono na utabiri neno lako mwenyewe, hata kwa Kiswahili. Tafuta neno linalogeuza hoja, kama although au despite. Ndilo linalokwambia kama nafasi inataka sawa au kinyume. Kwenye aina ya kuchagua maneno 2 kati ya 6, lazima yote mawili yawe sahihi na sentensi mbili zinazotokea ziwe na maana moja. Neno linalofaa lakini halina mwenzake, liache.

Insha

Mada zote zinazoweza kutoka zimechapishwa na ETS, bure. Huhitaji kuziandikia zote. Soma 30, na kwa kila moja andika msimamo, sababu 2 na pingamizi 1 kwa dakika 4.

Mifano isiwe ya Marekani kwa lazima. Andaa akiba ya mifano 6 unayoijua vizuri: reli ya TAZARA, kilometa 1,860, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inafaa kwenye mada za serikali na miradi mikubwa, elimu bila ada tangu 2016 inafaa kwenye usawa na ubora, Mkwawa na vita ya Lugalo ya 1891 inafaa kwenye uongozi. Msahihishaji anatafuta hoja inayojengwa, na mfano wenye maelezo mahususi hujenga vizuri kuliko jina kubwa lililotupwa tu.

Tatizo la kweli ni kuchapa. Miaka ya kuandika kwa vidole gumba kwenye WhatsApp imewafanya wengi wawe wazito kwenye kibodi, na programu ya mtihani haisahihishi tahajia. Kuanzia wiki ya 6 andika insha 1 kila Jumamosi kwenye kompyuta, kisahihishi kikiwa kimezimwa: dakika 4 kupanga, 22 kuandika, 4 kupitia. Ukifika maneno 400 mpaka 500 yenye mpangilio, uko sawa.

Wiki ya 8 mpaka 16

Wiki ya 8 mpaka 11 fanya maswali kwa aina zake, bila kubanwa na muda. Wiki ya 12 mpaka 14 fanya sehemu nzima nzima kwa kupima muda, sehemu 3 kwa wiki, na kanuni moja: swali likifika dakika 2 hujaona njia, chagua jibu, liwekee alama, songa mbele. Hii ni ngumu kwa waliokuwa wazuri darasani. Kiburi cha kulimaliza swali moja huwagharimu matatu ya mwisho. Wiki ya 15 fanya POWERPREP ya pili, saa ile ile utakayofanya mtihani. Wiki ya 16 rudia daftari la makosa tu.

Nyumbani au Dar es Salaam?

Kufanyia nyumbani kunakuokolea safari, lakini masharti ni makali. Kompyuta ya mezani au mpakato, skrini moja, kamera, maikrofoni na spika. Vifaa vya kuvaa masikioni haviruhusiwi. Uwe peke yako, mlango umefungwa na msimamizi auone kupitia kamera, meza tupu, kiti cha kawaida wala si sofa, masikio wazi. Karatasi ya kawaida hairuhusiwi: unatumia ubao mdogo mweupe na kalamu inayofutika, au karatasi 1 ndani ya mfuko wa plastiki angavu. Fanyia mazoezi ubao huo kuanzia wiki ya 12, kwa sababu nafasi huisha na kufuta katikati ya swali kunachanganya.

Umeme: betri ya kompyuta ihimili zaidi ya saa 3, na rauta iwe kwenye betri yake au UPS. Kuwa na laini 2 za mitandao tofauti, uzipime siku 3 mfululizo saa ile ile ya mtihani, maana mtandao wa saa 4 asubuhi si wa saa 2 usiku. Usitegemee simu kama chanzo cha intaneti juu ya meza. Chumba kisicho na dari, mvua ikianza, hutamsikia msimamizi wala yeye hatakusikia. Uliza pia jirani kama kuna sherehe au mkesha wenye spika.

Kama huwezi kuhakikisha hayo yote, nenda kituoni Dar. Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilometa 800 na siku nzima ya basi. Iringa ni karibu kilometa 500. Lori likianguka Kitonga, foleni ni ya masaa. Fika siku 2 kabla, siyo usiku wa kuamkia mtihani, ili ulale na uzoee joto. Beba sweta yako hiyo hiyo ya Mbeya: vyumba vya mitihani vina viyoyozi.

Ukishabonyeza kitufe cha mwisho

Alama za hesabu na Kiingereza zinaonekana hapo hapo. Rasmi, pamoja na insha, hutoka ndani ya siku 8 mpaka 10. Siku ya mtihani unaweza kutuma kwa vyuo 4 bila malipo, baada ya hapo kila chuo kinalipiwa, kwa hiyo nenda ukiwa na orodha ya vyuo vyako kichwani. Alama zinadumu miaka 5.

Rudia mtihani kama alama iko chini ya ile ya POWERPREP ya wiki ya 15 kwa pointi 4 au zaidi kwenye sehemu moja. Hapo kuna kitu kilichoharibika siku hiyo, na siku 21 zinatosha kukirekebisha. Kama zimelingana, kurudia bila miezi mingine miwili ya kazi huzaa alama ile ile, na dola 220 ni bora zilipie maombi ya vyuo viwili.